Tusimwite Bubu Mtoto Anayechelewa Kusema

(Maneno ya Mratibu wa Mradi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Katika shule zetu za chekechea wapo watoto wa miaka minne, hata mitano, ambao bado hawasemi, au maneno yao hayaeleweki. Mara nyingi mtoto wa namna hii huketishwa nyuma na kuitwa bubu. Wengine hupelekwa kukatwa kimeo. Ndugu zangu, kukata kimeo hakumfundishi mtoto kusema, na kwaweza kumletea kutokwa damu nyingi na maambukizi.

Kwa kawaida mtoto hutamka maneno ya kwanza akikaribia mwaka mmoja, na afikapo miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "baba njoo". Asipofanya hivyo, tusingoje. Hatua ya kwanza ni kupimwa usikivu, kwa maana asiyesikia vizuri hawezi kujifunza kusema vizuri. Masikio yanayotoa usaha yatibiwe mapema. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazoezi wanayoelekeza hufanyika nyumbani na darasani:

1. Keti chini mtoto auone uso wako, nawe utaje kile anachokitazama yeye.

2. Ongeza neno. Akisema "maji", mjibu, "maji baridi". Usimkaripie wala kumlazimisha kurudia.

3. Ukimwuliza, subiri. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumsemea.

4. Chezeni kwa zamu. Rushianeni mpira wa matambara. Ficheni kizibo cha soda juu, chini au ndani ya kikombe. Imbeni wimbo wa vitendo na kumwachia neno la mwisho.

Mzazi atumie lugha anayoijua vizuri, iwe Kichaga, Kihaya au Kiswahili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Na akionekana ni kiziwi, aanze lugha ya alama mapema. Kanisa letu lina shule ya viziwi kule Mwanga.

Ombi langu kwa kamati: kila usharika uorodheshe watoto hawa kupitia walimu wa chekechea, na kuzungumza na wazazi bila kuwalaumu. Kwa wafadhili: hatuombi mashine. Tunaomba nauli ya mzazi na mtoto hadi hospitali yenye vipimo vya usikivu, na semina kwa walimu. Mipira ya matambara tutashona wenyewe.

Katika Marko sura ya 7, Bwana wetu alimtenga kiziwi na umati, akamhudumia peke yake. Nasi tuwape watoto hawa nafasi hiyo.