Boti ya mpira ao ya mbao?



Wengi wetu tulivuka ziwa toka Kigoma kuanzia 2005, tukashukia hapa Baraka. Leo anayengojea kuvuka ni mama mwenye uchungu wa kuzaa, kule Ubwari. Tumeahidiwa boti ya mpira na moteri. Aksanti sana. Lakini tuchague vizuri.

Boti ya mpira ni nyepesi, haizami haraka. Wenye mashua za matanga wanaipenda sababu wanaipandisha juu, wanaifunika. Yetu itakokotwa kwenye mawe na kulala juani kila siku. Ikitoboka, gundi yake tutaipata wapi? Ya mbao, fundi wetu anaiziba.

Moteri nayo: ile ya kuchanganya oili ndani ya esansi inakunywa zaidi, lakini ni nyepesi na mafundi wetu wanaijua. Farasi 15 zinatosha.

Ndiyo maana tunaomba: boti ya mbao, moteri hiyo na vipuri vyake, jile kwa kila abiria, na esansi ya miezi sita. Moteri bila esansi haitamfikisha mama hospitali.