Gari Linalopoteza Maji: Namna ya Kutafuta Tundu Kabla Injini Haijaharibika

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa kamati na madereva wa vyama vya msingi)



Katika vyama vingi vya msingi gari lililopo ni pikapu moja tu, nayo si mpya. Ndiyo ibebayo mbolea na dawa, na ndiyo ipelekayo mazao ya wakulima ghalani. Ikisimama njiani wakati wa msimu, hasara haimpati dereva peke yake. Humpata kila mwanachama aliyekwisha kupima mazao yake na sasa anasubiri malipo. Kwa hiyo maji yanayopungua katika rejeta ni jambo la kamati nzima, wala si siri baina ya dereva na dumu lake la maji.

Mfano unaojulikana sana ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L, ambayo ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,446. Injini hiyo ni yenye kudumu, lakini silinda hedi yake haistahimili joto la kupita kiasi. Ikichemshwa mara kadhaa, aghalabu hupata ufa. Mpira wa maji hununuliwa kwa fedha kidogo, bali silinda hedi huweza kula akiba ya chama ya msimu mzima.

Yafaa kufahamu kwanza kwa nini tundu dogo lina madhara makubwa. Kifuniko cha rejeta hushikilia mgandamizo, na katika magari mengi ya namna hiyo kiwango chake ni karibu bar 0.9. Kwa mgandamizo huo, mahali pa usawa wa bahari maji hayachemki mpaka yakaribie digrii 118 za Sentigredi, badala ya 100. Penye mwinuko wa meta 1,500, maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye digrii 95 hivi. Basi mgandamizo ukivuja, gari la milimani hupoteza kinga yake hata kabla maji hayajapungua sana.

Utafutaji huanza jioni, injini ikiisha kupoa. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto, kwa maana maji huruka na kuunguza. Dereva ajaze rejeta, atie alama kwenye tangi la akiba, kisha atandaze maboksi makavu chini ya injini. Doa la asubuhi litamwonyesha upande wa kuanzia.

Pili, huchunguzwa sehemu zinazoonekana: mipira ya juu na ya chini, hasa penye klipu, maungio ya rejeta, na tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo liliwekwa makusudi. Likidondosha maji, sili ya pampu imekwisha, na kuliziba kwa gundi ni kuyaelekeza maji kwenye beringi. Maji mengine hukauka juu ya injini yasionekane, yakaacha alama nyeupe, ya kijani au ya kutu. Plagi za chuma ubavuni mwa bloku nazo huliwa na kutu, hasa gari likitiwa maji matupu kwa miaka mingi.

Tatu, kama hakuna dalili, fundi hutumia pampu ya mkono ya kupimia rejeta. Huipachika mahali pa kifuniko, akapandisha mgandamizo mpaka kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko bila kukipita, kisha akasubiri robo saa. Mshale ukishuka, maji yanatoka. Kifuniko nacho kipimwe, kwani raba yake ikichakaa hulaumiwa rejeta isiyo na kosa.

Nne, mshale ukishuka na nje kukawa kukavu, tundu limo ndani. Zulia lililolowa na vioo vyenye ukungu huonyesha kasoro ya hita. Oili yenye rangi ya maziwa, moshi mweupe usiokoma, au mapovu ndani ya rejeta mara injini baridi inapowashwa, huonyesha gasketi au ufa wa silinda hedi. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena hata kwa safari fupi. Maji yakijaa ndani ya silinda huweza kupinda mkono wa pistoni.

Kutia unga au yai ndani ya rejeta huziba tundu kwa siku chache, na pamoja nalo huziba mirija myembamba ya kupoozea. Vilevile maji baridi yasimwagwe katika injini iliyochemka, isubiriwe ipoe. Tundu likiisha kuzibwa, itiwe dawa ya rejeta nusu kwa nusu na maji safi. Dawa hiyo ni sumu yenye utamu, basi iwekwe mbali na watoto na mifugo.

Mwisho, daftari la gari liwe na safu ya maji, kama ilivyo ya mafuta. Dereva aandike kila lita anayoongeza, na katibu aikague kila juma. Mfumo huo umefungwa. Gari lililo zima halidai maji kila asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba, na tone kwa tone hukausha rejeta. Dereva anayetoa taarifa ya lita moja mapema asikaripiwe, kwa sababu ameiokoa injini ya wanachama wote.