Uzamili wa Rasilimali Watu: Kwa Nani, na Lini?

Msikilizaji, wapo wanaosema kazi ya afisa rasilimali watu hujifunzwa ofisini, si darasani. Hawajakosea sana. Lakini itazame Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004: mwajiri anayemwachisha mtu kazi hutakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Hata aliyekamatwa na mali ya wizi mkononi hustahili kusikilizwa. Mwajiri akiruka kikao cha nidhamu, anaweza kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, sababu yake iwe nzito namna gani. Mazoea ya ofisini mara nyingi hurithisha makosa ya aliyetangulia. Masomo ya uzamili, kama yale ya Chuo Kikuu Mzumbe, humlazimu mtu kuyahoji.

Ila shahada si leseni. Kenya, kwa sheria yake ya taaluma hii ya mwaka 2012, hudai pia usajili wa kitaaluma. Kwa hiyo aliyemaliza shahada ya kwanza jana asikimbilie ada nyingine. Aandike mikataba kwanza, aketi kwenye vikao vya nidhamu (ajira ni adimu, najua, hata kujitolea kunafaa), ndipo arudi darasani na maswali yake mwenyewe.