Diklo si bonboni: maneno kwa vijana wa Butembo juu ya dawa za maumivu



Kuna mtu ataniuliza: "Sisi tunazoea kusema juu ya barabara, maji, moto na usalama. Leo mbona tunaongea juu ya kinini?" Jibu ni fupi. Tunaongea juu yake kwa sababu kinini hiyo iko katika mifuko yetu sasa hivi. Mwenye kusukuma chukudu toka Bulengera anayo. Motari anayo. Mama anayebeba muzigo sokoni anayo. Mwanafunzi mwenye kuumwa tumbo kila mwezi anayo. Na karibu hakuna mtu aliyewaambia ile dawa inafanya nini ndani ya mwili.

Mimi nilisoma afya ya jamii kwenye chuo kikuu, nikapata diplome, na kazi bado natafuta, sawa wengi wenu. Nimejiambia: kama kazi haijafika, yale niliyosoma yasioze kichwani.

Dawa ninazosema ni hizi: diklofenaki, ile munaita "diklo", ibuprofeni, indometasini, piroksikamu, ketoprofeni, naprokseni. Aspirini pia ni ya ukoo huo. Parasetamoli si ya ukoo huo, na mushike neno hilo, tutalirudilia.

Sisemi ni dawa mbaya. Mtu aliyeteguka mguu, mwenye viungo kuvimba, mwenye jino kuuma, zinamusaidia kabisa. Shida ni namna tunavyozitumia.

Angalieni kazi yake. Ukiumia, mwili unatengeneza vitu vidogo vinavyoitwa prostaglandini. Hivyo njo vinaleta maumivu, joto na uvimbe. Dawa hizi zinazuia mwili kuvitengeneza. Mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha jambo hilo mwaka 1971, na mwaka 1982 akapata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Lakini prostaglandini hizo hizo ziko na kazi nyingine: zinalinda ngozi ya ndani ya tumbo isichomwe na asidi, na zinasaidia damu ifike vizuri kwenye mafigo. Dawa haichagui. Inakata maumivu, na pale pale inakata ulinzi.

Hapo munaelewa kwa nini lile swali la kwenye farmasi, "Umeshakula?", halitoshi. Kula kunapunguza kuungua kidogo, lakini dawa ikishaingia katika damu inarudi kufanya kazi yake kwenye tumbo. Ndiyo maana hata sindano inaweza kuleta kidonda cha tumbo. Yule anayesema "mimi sinywi kinini, napigishwa diklo, tumbo yangu iko salama", anajidanganya. Tena sindano iliyopigwa vibaya kwenye tako inaweza kugusa mshipa wa fahamu wa mguu, mtu akabaki anachechemea. Na ile sindano si ya wiki nzima: ni ya siku mbili, kisha mtu anapita kwenye kinini kama bado inahitajika.

Kuhusu mafigo. Chukua kijana anayesukuma chukudu tangu asubuhi kwenye jua, ametoa jasho, maji amekunywa kidogo, jioni anameza diklo ili kesho asimame tena. Mwili umekauka, na ile kitu iliyokuwa inasaidia damu ifike kwenye mafigo imekatwa. Akifanya hivyo siku moja, labda hataona kitu. Akifanya miezi, mafigo yanaweza kuchoka bila kupiga kelele. Hatari ni hiyo hiyo kwa mtu mwenye kuhara au kutapika sana. Inazidi kwa wazazi wetu wenye tansio: ukichanganya diklo na dawa zao, kama kaptoprili au enalaprili, na ile ya kukojolesha, mafigo yanaweza kusimama. Tena diklo peke yake inaweza kupandisha tansio. Basi kabla ya kumununulia baba dawa ya magoti, uliza anakunywa dawa gani nyingine.

Kuhusu moyo. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliondoa Vioxx, dawa ya ukoo huu, kwenye soko la dunia nzima, kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kupooza. Mwaka 2013 shirika la dawa la Ulaya likasema diklofenaki isipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyekwisha kupooza. Kule ilibidi karatasi ya ndani ya sanduku ibadilishwe. Hapa kwetu, kinini mbili katika kafuko ka plastiki, karatasi iko wapi? Na ikiwapo, mara nyingi dawa imepitia Kasindi na karatasi yake ni ya Kiingereza.

Dada zetu wenye mimba, musikilize vizuri. Kuanzia mwezi wa sita dawa hizi ni marufuku. Zinaweza kufunga mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto kabla ya wakati, na kuharibu mafigo yake. Wakubwa wa dawa wa Marekani walisema mwaka 2020 kwamba zikwepwe tangu wiki ya 20. Na kabla ya hapo, usimeze bila muganga kukuambia.

Halafu homa. Mji wetu ulipita katika Ebola kati ya 2018 na 2020, hakuna haja ya kuwafundisha homa ni nini. Ukiwa na homa ambayo hujui inatoka wapi, usikimbilie diklo wala ibuprofeni. Zinaweza kuongeza kutokwa damu, na zinaweza kuficha ugonjwa au kuufanya mubaya zaidi. Meza parasetamoli, uende upimwe malaria. Na mtoto mwenye homa asipewe aspirini.

Sasa michanganyo, maana hapo njo vijana wengi tunaumia. Diklo na ibuprofeni pamoja: hiyo si nguvu mara mbili, ni hatari mara mbili. Diklo na kanyanga: tumbo inaweza kutoboka. Diklo na deksametazoni, ile wengine wanameza ili wanenepe: hizo mbili pamoja zinapandisha sana hatari ya kidonda cha tumbo. Na kuna kinini moja iliyo na diklofenaki na parasetamoli ndani. Ukiongeza parasetamoli nyingine juu yake, umehesabu vibaya, na ini njo litalipa.

Tufanye basi nini?

Anza na parasetamoli. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kama amekonda sana au anakunywa pombe. Kama muganga hajakuandikia, ibuprofeni isipite miligramu 1200 kwa siku, yaani tatu za 400. Diklo, hata ile muganga ameandika, isipite miligramu 150 kwa siku. Chukua kipimo kidogo, kwa siku chache. Maumivu yakipita siku 5, au homa siku 3, hiyo si kazi ya kinini tena, ni kazi ya muganga. Mwenye asima, kidonda cha tumbo, ugonjwa wa moyo au wa mafigo aulize kwanza.

Kwenye farmasi uliza maswali matatu: hii inaitwaje, nameze ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi. Mwenye kukuuzia akishindwa kujibu, weka franka zako mfukoni.

Na ukiona choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, kifua kubana, upande mmoja wa mwili kulegea, mkojo kupungua, uso au miguu kuvimba: acha dawa, nenda hospitali saa ile ile. Usingoje asubuhi.

Lakini makamarade, tusimuwekee mgonjwa peke yake muzigo huu. Mtu anaenda farmasi kwanza kwa sababu kumuona muganga kunagharimu pesa hana. Mwenye kuuza naye, mara nyingi ni kijana kama sisi, aliwekwa pale bila mafundisho. Kumufukuza na kumunyanganya mali yake hakutaponyesha tumbo ya mtu.

Katiba yetu, artikele 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Basi tunaomba, na tutarudilia kuomba: kila farmasi iwe na mtu aliyefundishwa. Kila dawa inayouzwa kwa rejareja iandikwe jina, kipimo na siku, kwa Kiswahili. ACOREP na wakaguzi wa afya wafike kweli, wakague dawa, si kukagua mifuko ya wauzaji. Kupimwa tansio kuwe bure kwenye vituo vya afya.

Sisi wenyewe tunaanza juma hili. Kila mmoja aende kwa watu watano: mama yake, motari wake, jirani wa chukudu. Awaulize wanameza nini, kwa siku ngapi. Hiyo nayo ni kazi ya raia.

Mgongo unaouma kila jioni unatuambia kazi imezidi mwili. Tukiuzimisha sauti kila siku kwa diklo, kesho tumbo na mafigo njo vitasema.

Tuko pamoja.