Hesabu ya Umeme: Volti, Ampea na Joto la Waya

Leo napenda tuzungumze habari ya umeme. Si sifa zake, maana hizo zimekwisha semwa sana, bali hesabu yake. Hesabu yenyewe ni fupi. Mtoto ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya mchangani kwa kijiti. Walakini ziko nyumba ziunguazo kwa sababu hapana aliyeifanya.

Na tuanze na jambo tulijualo sote hapa Sengerema: ng'ombe watokapo zizini asubuhi. Wachungaji huwasukuma kwa nyuma, ng'ombe hupita mlangoni, na mlango ukiwa mwembamba huwazuia. Umeme nao una mambo hayo matatu. Nguvu ya kusukuma hupimwa kwa volti. Wingi wa umeme upitao hupimwa kwa ampea. Na uzuizi wa njia, ambao vitabu vyauita ukinzani, hupimwa kwa omu. Mfano huu una mpaka wake, kwani ng'ombe huenda zao malishoni, lakini umeme sharti urudi ulikotoka. Ndiyo maana kila taa huhitaji nyaya mbili.

Jina la omu latokana na mwalimu mmoja wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, aliyekuwa akifundisha hesabu katika mji wa Köln. Mwaka 1827 alitoa kitabu chenye kanuni yake, na watu wa kwao hawakukijali sana. Hata mwaka 1841 ndipo chama cha wataalamu cha Royal Society, huko London, kilipompa nishani. Kanuni ni hii: gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Ukitaka kujua nguvu inayotumika, zidisha volti kwa ampea, utapata wati.

Umeme wa majumbani katika Tanzania ni wa volti 230. Pasi ikivuta ampea 5, basi 230 ukigawanya kwa 5 ni omu 46, na 230 mara 5 ni wati 1,150. Basi. Nimeona walimu wanafunzi waijuao kanuni hii kwa moyo, ambao hawajapata kupindua birika la umeme wasome namba zilizoandikwa chini yake.

Sasa twende ziwani. Wavuvi wa dagaa wa Kome na Maisome huvua usiku wa giza, na taa ndiyo iwavutayo dagaa. Zamani taa ilikuwa karabai; siku hizi wengi hutumia taa za betri, zinazojazwa mchana kwa nguvu ya jua. Chukua taa ya wati 12 na betri ya volti 12: gawanya wati kwa volti, taa yavuta ampea 1. Kwa usiku wa saa 10 itakula ampea-saa 10. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kunyonywa kupita nusu yake, la sivyo hufa upesi. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 20 yatosha kabisa. Lakini mvuvi akitamani mwanga zaidi akaweka taa ya wati 18, itavuta ampea 1 na nusu, na kufika alfajiri imekula 15. Usiku ule atafurahi. Baada ya miezi michache atanunua betri nyingine, huku akimlaumu mwenye duka. (Taa hizi mpya hazifuati kanuni ya Ohm sawasawa kama pasi, kwa kuwa ukinzani wake hubadilika volti zibadilikapo, lakini kuzidisha volti kwa ampea hakukosei.)

Jambo la hatari ni waya. Waya nao una ukinzani, na umeme upitao humo huleta joto, kama ng'ombe wanaojisugua miimoni mwa mlango. Wati za joto hilo ni ampea mara ampea, kisha mara omu. Angalia neno hilo: ampea mara ampea. Waya mwembamba wa kurefushia, wenye omu 1, ukipitisha ampea 5 hutoa wati 25 za joto. Ukipitisha ampea 10, hautoi 50, bali 100. Sasa mama wa nyumba achomeke humo birika la wati 2,000 pamoja na pasi ya wati 1,000. Jumla ni 3,000. Gawanya kwa 230, ni ampea 13 na ushei. Joto la waya ni wati 169 na zaidi. Na kama waya umekunjwa kunjwa chini ya mkeka, joto halina pa kutokea. Fyuzi iliwekwa ikatike kabla ya hapo. Mtu anayeitoa na kufunga kipande cha waya mnene mahali pake amemfukuza mlinzi.

Mwenye betri asidhani haya hayamhusu. Waya ule ule wa omu 1 ukipitisha ampea 5 hupoteza volti 5. Kwenye volti 230 zabaki 225, wala hutaona tofauti. Kwenye betri ya volti 12 zabaki 7, na taa yafifia ingawa betri ni nzima. Dawa yake ni waya mnene, au mfupi: ukikata urefu nusu, ukinzani nao hupungua nusu.

Kwa sababu hiyo hiyo umeme uletwao vijijini kwa nguzo husafirishwa kwa volti 33,000. Volti zikiwa nyingi, ampea huwa chache kwa kazi ile ile, na nyaya hazipotezi sana njiani. Kisha transfoma iliyo juu ya nguzo huzishusha kabla hazijaingia nyumbani.