Vitabu vya Ubatizo na Koo Zetu



Katika jubilei hii twawakumbuka waliotutangulia. Lakini kumkumbuka mtu sharti kwanza tujue ni nani, na kwao wapi. Wengi wetu twahesabu mababu wawili au watatu, kisha pana kimya. Nataka kusema juu ya kimya hicho.

Huko Uingereza mwaka 1538 ilitolewa amri kwamba kila mtaa uwe na kitabu, waandikwe humo wanaobatizwa, wanaooana na wanaozikwa. Tangu mwaka 1813 vitabu vya ubatizo vikapigwa chapa kwa safu: jina la mtoto, majina ya wazazi, mahali wakaapo, na kazi ya baba. Basi Mwingereza atafutaye ukoo wake hushika jina la babu, akaliona la baba yake babu, akapanda hivyo kitabu kwa kitabu, kama mtu apandaye ngazi.

Wamisionari walikuja Unguja na desturi hiyo mwaka 1864. Mwaka ule ule Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baada yao wakaja wengine wengi, wakalelewa Kiungani na Mbweni, nao wakaandikwa walipobatizwa. Ila angalieni tofauti. Kitabu cha Uingereza humfikisha mtu kwa baba. Cha kwetu mara nyingi huishia kwa mtoto mwenyewe. Ngazi imekatwa, wala si mwandishi aliyeikata, bali mwizi wa watu.

Tena majina ni mengi. Kwao bara mtoto aliitwa jina na wazazi wake. Bwana wake akamwita labda Mabruki au Feruzi. Katika ubatizo akapewa jina la tatu, la Kiingereza. Kwa hiyo atafutaye asishike jina moja tu. Na atazame pia maandiko ya Ubalozi wa Kiingereza juu ya walioachwa huru, katika Nyumba ya Nyaraka, Kilimani. Wako pia wavulana wa Kiungani waliosimulia wenyewe habari za kwao, na jinsi walivyotekwa. Bwana Madan akazitia kwa Kiingereza, zikapigwa chapa mwaka 1887.

Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alikuwa Myao, akalelewa hapa Unguja. Tangu mwaka 1886 akatumika Chitangali, katikati ya Wayao, na mwaka 1890 akawa kasisi. Bahari na miaka havikuweza kufuta kabila lake.

Basi mbona twanyamaza? Kwa sababu ya aibu. Mtu huogopa kusema, "Babu yangu aliuzwa," asije akachekwa. Ndugu zangu, aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa. Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, akawa shemasi mwaka 1879. Nani atamwonea haya babu wa namna hiyo? Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Tukificha asili yetu, twajifunga wenyewe mnyororo waliofunguliwa mababu zetu.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. Kwanza, waulizeni wazee wangali hai: jina la kijiji, la mto, la kabila, hata neno moja la lugha ya kwao, mkaandike pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Pili, walimu wawafundishe watoto kuandika ukoo wao, lakini siri ya nyumba ya mtu isifanywe mazungumzo ya barazani. Tatu, tuvilinde vitabu vya mitaa na mchwa na unyevu. Ukurasa ukiliwa, haurudi. Na pengine ndio mahali pekee duniani lilipoandikwa jina la mtu yule.

Kitabu kimetuhifadhia jina moja. Yaliyobaki yamo vinywani mwa wazee, nao hawatungoji.