Anayetembea kwa Miguu Naye Ana Haki ya Barabara

Hotuba ifuatayo ilitolewa kwa niaba ya serikali ya kaunti katika kikao cha kukusanya maoni ya wakazi kuhusu barabara za mjini na usafiri wa umma. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla gari la kwanza halijaegeshwa nje ya ofisi, mji huwa tayari umejaa watu. Mwanafunzi anaelekea shuleni na begi mgongoni. Kibarua anawahi mjengoni. Mama anatoka sokoni na gunia la sukumawiki. Wote wanatembea. Mvua ikinyesha, wanalazimika kupita kwenye lami pamoja na magari, kwa sababu pembeni kuna matope na mtaro usiofunikwa. Jioni wanarudi kwa njia ileile, gizani.

Watu hawa si wachache. Jijini Nairobi, takriban safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu, na nyingi kati ya zilizobaki ni za matatu au basi. Hata abiria wa matatu huanza na kumaliza safari yake kwa miguu. Lakini barabara inapochorwa, anayefikiriwa kwanza ni mwenye gari, kisha gari lililoegeshwa. Mtembeaji hupewa kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Gharama yake ni maisha ya watu. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, zaidi ya watu 4,700 walifariki kwenye barabara za Kenya mwaka 2024. Kundi lililopoteza wengi zaidi ni la wanaotembea kwa miguu, ambao ni zaidi ya theluthi moja ya waliofariki. Ni wanafunzi, wachuuzi, wazee na vibarua, na wengi wao ndio walioleta chakula nyumbani.

Mara nyingi lawama humwangukia marehemu: alivuka ovyo, hakutumia daraja la juu. Lakini mzee mwenye maumivu ya magoti hawezi kulaumiwa kwa kukwepa ngazi, wala mwenye kiti cha magurudumu kwa kukosa mahali pa kupanda. Mwendo wa gari nao una uzito wake. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini. Shirika la Afya Duniani hushauri kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchangamana. Gari lililo katika mwendo wa 30 husimama mapema, na hata likimgonga mtu, uwezekano wa kupona ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana tuta, kivukio kilichoinuliwa na taa za barabarani karibu na shule ni vifaa vya kuokoa maisha. Si mapambo.

Ndugu wakazi, wapo wanaosema kwamba miji yenye njia nzuri za miguu ni ya nchi tajiri, na kwamba ilizaliwa hivyo. Historia inasema vingine. Mwaka 1971, zaidi ya watu 3,000 waliuawa kwenye barabara za Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari aliyefiwa na binti yake aliandika makala yenye uchungu, na kutokana nayo likazaliwa kundi la wazazi lililodai mauaji ya watoto yakomeshwe. Wazazi hao walifunga mitaa watoto wapate pa kuchezea, wakaenda bungeni, wakachora wenyewe mapendekezo ya barabara salama na kuyakabidhi serikali. Njia za baiskeli na mitaa ya mwendo wa polepole inayosifiwa leo ilitokana kwa sehemu kubwa na wananchi waliokataa kunyamaza.

Hapa nyumbani pia iko mifano. Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park, na bustani hiyo ikabaki mali ya umma. Mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa njia za miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Mwaka 2019, barabara ya Luthuli, iliyokuwa na msongamano na kelele, ilifanywa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa. Hata hivyo, sera ni karatasi mpaka mkazi aulize kila mwaka: ile asilimia 20 iko wapi?

Kuna funzo la upande wa pili pia. Tarehe 3 Desemba 2018, matatu zilizuiwa kuingia katikati ya Nairobi. Abiria waliteremshwa mbali, wakatembea mwendo mrefu, wakiwemo wagonjwa, wazee na wenye ulemavu. Hatua hiyo ilisitishwa haraka. Kumwondolea mkazi matatu bila kumpa kitu badala yake si kuboresha mji. Jijini Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, yalipewa njia yao wenyewe yenye urefu wa takriban kilomita 21, na njia za miguu kando yake. Njia ya miguu na usafiri wa umma ni mapacha: kimoja kikikosekana, kingine hakifanyi kazi.

Hapo ndipo suala la wachuuzi linapokuja. Wakazi wengine wanataka waondolewe kando ya barabara ili watu wapate kupita. Wachuuzi nao wanasema wateja wao ni wale wale wanaopita. Pande zote mbili zina haki. Njia ya miguu inayopimwa vizuri inaweza kuwa na sehemu ya kupita isiyozibwa na chochote, na sehemu iliyochorwa ya biashara ndogo. Lakini haitachorwa hivyo iwapo wachuuzi hawatakuwa kikaoni wakati wa kuchora. Wahudumu wa bodaboda pia wanahitaji steji yao ndani ya mchoro. Wakiachwa nje, wataegesha juu ya njia ya miguu, na ugomvi utaanza upya.

Je, mkazi aanzie wapi? Kwanza, ajue barabara ni ya nani. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, na baadhi ya barabara za mijini ziko chini ya KURA. Malalamiko yanayopelekwa kwenye mlango usio wake hupoteza miezi mingi. Mkazi asiyejua aulize afisa wa wadi kabla ya kuandika.

Pili, ajue kalenda ya fedha. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Hati ya Mikakati ya Fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayekuja mwezi wa Juni kuomba njia ya miguu hukuta fedha zimekwisha kugawanywa. Anayekuja Julai na Agosti hukuta mpango ungali unaandikwa.

Tatu, alete ushahidi. Majirani watano wanaweza kusimama mahali pamoja kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, wakahesabu wanaotembea, wanaoendesha baiskeli na magari yanayopita. Waandike mahali ambapo mtu aligongwa, taa isiyowaka, mtaro ulio wazi, na umbali kutoka steji hadi zahanati. Karatasi moja yenye hesabu hiyo ina nguvu kuliko hotuba ndefu.

Nne, atumie sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ikiwemo bajeti na mkataba wa ujenzi. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma. Njia ya kabro yenye ukingo mrefu usiopandika kwa kiti cha magurudumu haijakamilika, hata kama utepe umekatwa.

Serikali ya kaunti haina fedha za kujenga kila barabara kwa mwaka mmoja, na si haki kuwaahidi wakazi hivyo. Lakini kila barabara inayokarabatiwa inaweza kuulizwa swali moja kabla ya tingatinga kufika: mtoto wa darasa la pili atapita wapi?

Swali hilo liulizwe katika kila wadi na kila baraza. Liulizwe na wengi, tena kwa maandishi. Haba na haba hujaza kibaba.